Marehemu Wetu wa Sinema na Majina Yao

Katika mkutano wetu uliopita nilipewa kazi ya kuandika habari za historia katika gazeti hili, nikaambiwa nichague jambo lolote ilimradi lisiwe siasa. Nimechagua waigizaji wetu wa sinema na televisheni waliokwisha kututoka. Wako watakaosema jambo hili ni jepesi mno kwa watu waliosoma. Nawaomba wanivumilie, maana habari hii yaanzia Dar es Salaam lakini yaishia Murangi, tena katika darasa letu wenyewe.

Mwezi Januari 2012 alifariki mzee mmoja aitwaye Fundi Said. Litamke jina hilo popote katika nchi hii, watu watakutazama wasijue unamsema nani. Lakini sema Mzee Kipara, na hata mama muuza dagaa pale mwaloni atatabasamu. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Mohamed Fungafunga, aliyefariki Desemba 2020, ambaye sote tulimjua kuwa ni Mzee Jengua. Ndivyo ilivyokuwa kwa Said Ngamba, yaani Mzee Small, aliyefia Muhimbili Juni 2014. Kwa Hussein Mkiety, yaani Sharo Milionea, aliyekufa kwa ajali ya gari huko Muheza Novemba 2012. Na kwa Juma Kilowoko, yaani Sajuki, aliyefariki Januari 2013. Watu hawa walikuwa wakiingia sebuleni mwetu kila wiki bila kubisha hodi, tukawacheka, tukawalaani walipoigiza ubaya, na majina yao tukayajua siku walipotangazwa kuwa wamekufa.

Yafaa kujiuliza desturi hii ilitoka wapi. Kwa maoni yangu ilitoka redioni. Zanzibar ilipata televisheni mwaka 1973, lakini sisi wa Bara tulingoja mpaka 1994, vituo vya watu binafsi vilipoanza, na televisheni ya taifa ikafuata mwaka 2000. Miaka yote hiyo mchezo wa kuigiza ulikuwa wa Radio Tanzania. Redioni hakuna sura. Msikilizaji ana sauti na jina tu, basi jina lazima lishike masikioni kama ndoana. Ndiyo maana wazazi wetu walikuwa na Pwagu na Pwaguzi, wala hawakuwa na haja ya kujua mishahara ya Pwagu ilisainiwa kwa jina gani. Televisheni ilipokuja iliwakuta wazee wenye mazoea hayo, ikawapokea wao pamoja na majina yao. Kundi la Kaole lililoonyeshwa na ITV lilikuwa na wazee hao pamoja na vijana, na huko ndiko nchi ilikojifunza kukaa kimya jioni mbele ya kioo.

Hata hivyo wa kwanza kabisa alikuwa kabla ya hao wote. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni moja ya Afrika Kusini ilikuja Tanganyika kupiga sinema za Kiswahili, na mwigizaji wake mkuu akawa kijana mmoja mfanyakazi wa idara ya ustawi wa jamii. Aliigiza katika Muhogo Mchungu na katika Chalo Amerudi. Kijana huyo alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye Januari 1962 alikuwa Waziri Mkuu wa nchi iliyokwisha kujitawala. Alifariki tarehe 31 Desemba 2009, na katika hotuba za mazishi tulisikia sana habari za Simba wa Vita, lakini habari za mwigizaji hatukuzisikia kwa kiasi hicho. Kwa Mzee Kawawa jina la kazi ya pili lilifunika la kwanza. Nadhani ndiye mwigizaji pekee wa nchi hii ambaye hakuna mtu atakayemhurumia kwa kukosa malipo ya sinema zake.

Maana huko kwenye malipo ndiko jambo hili linakoacha kuwa la kuchekesha. Mimi ni mtumishi wa Serikali, na kazi yangu ni ya mafaili. Katika mafaili hakuna Mzee Kipara. Kuna jina kamili, sahihi na tarehe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, ambayo ndiyo iliyoanzisha COSOTA, ilimpa mtunzi ulinzi kwa uhai wake wote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Ni sheria nzuri. Lakini wakati sinema za kanda na baadaye za sidii zilipovuma, desturi ya biashara ya Kariakoo ilikuwa kuuza kazi kwa mkupuo: mwenye sinema anapeleka kanda mama, anahesabiwa fedha, anaondoka. Mwigizaji naye alikwisha kulipwa siku ya kupiga picha, pengine kwa maneno matupu. Aliyeuza kwa mkupuo miaka hiyo 50 huwa ya mnunuzi, na wajane na yatima hubaki na sifa.

King Majuto ndiye aliyelisema jambo hili kwa sauti. Jina lake alikuwa Amri Athumani, mtu wa Tanga, aliyeanza kuigiza tangu utoto. Alichekesha jukwaani, akachekesha katika kanda za video, akachekesha katika matangazo ya biashara mpaka uso wake ukawa kama bendera. Alipougua, watu wakashangaa kwamba mtu wa namna ile achangiwe fedha za matibabu. Mwaka 2018 Serikali iliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii, na kilio chake kilikuwa sababu kubwa. Alifariki tarehe 8 Agosti mwaka huo huo hapo Muhimbili, akazikwa kwao Tanga. Mimi sisemi nani alimdhulumu, kwa kuwa mikataba hiyo sijaisoma. Nasema tu kwamba mkataba husainiwa na Amri Athumani, lakini kinachouzwa ni King Majuto, na Amri Athumani aweza asijue bei ya King Majuto.

Aliyeijua bei hiyo mapema ni Steven Kanumba. Huyu nina sababu ya pekee ya kumkumbuka, kwani alizaliwa Shinyanga Januari 1984, mwaka niliozaliwa mimi, na ni mtoto wa Kanda yetu ya Ziwa. Aliingia Kaole mwaka 2002, akatoka akiwa nyota, akaigiza na Wanijeria katika Dar to Lagos, na alipoanzisha kampuni yake aliipa jina lake la ukoo. Hakujificha nyuma ya mzee wa kubuni. Alifariki usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 7 Aprili 2012, kesho yake ikiwa Pasaka, umri wake miaka 28. Jumanne alizikwa Kinondoni, na umati ule wa Leaders Club haukuwa na mfano kwa mtu asiyekuwa kiongozi wa nchi.

Jirani zetu wa Kenya nao wana mfano wao ambao sisi watu wa Mara twapaswa kuujua. Ndugu zetu wa upande wa Shirati na Rorya waliwahi kuapa kwamba Mzee Ojwang' wa Vitimbi ni Mjaluo kabisa, kwa jinsi alivyokivunja Kiswahili. Alipofariki Julai 2015 wengi walishangaa kusikia kwamba anaitwa Benson Wanjau, Mkikuyu. Nampa heshima kubwa kuliko wote niliowataja. Mtu kubeba kabila la mwenzake kwa miaka mingi, na wenye kabila wakamdai kuwa ni wao, si kazi ndogo katika Kenya tunayoijua. Miaka mitano baadaye, Julai 2020, korona ilimchukua Charles Bukeko, yaani Papa Shirandula, naye watoto walimlilia kwa jina hilo hilo la mchezo.

Sasa narudi nyumbani. Waliosoma nami kati ya mwaka 2000 na 2003 wanamkumbuka mwenzetu tuliyemwita Kipara. Alituzidi umri, alinyolewa kichwa siku ya kwanza, na katika kikundi cha michezo ya kuigiza yeye ndiye aliyekuwa mzee siku zote, mwenye fimbo na kikohozi. Mfanyabiashara mmoja wa sangara pale Murangi alikuwa na jenereta na televisheni, nasi tulikuwa tukitoroka kwenda kuchungulia dirishani. Kipara aliyaona ya Mzee Kipara mara moja tu, akarudi nayo bwenini yote, hata namna ya kukaa.

Katika daftari la shule alikuwa na jina jingine. Kama wengi wa siku zile, alirudia darasa la saba kwa jina la mtoto aliyeacha shule, na jina hilo ndilo lililofaulu. Nyumbani aliitwa jina la babu yake. Kwa hiyo cheti chake kilikuwa chake kwa akili na cha mwenzake kwa maandishi, na kwa sababu hiyo hakuthubutu kuomba kazi ya Serikali. Mwaka 2017, tulipokuwa maofisini tukihakikiwa vyeti, nilimkumbuka sana.

Alivua kwanza, dagaa wa karabai. Kisha akanunua televisheni, deki na jenereta, akafungua banda la video. Ndugu zangu, na huyo nilikuwa sijamhesabu katika historia ya sinema mpaka nilipoanza kuandika ukurasa huu. Jumatatu ya Pasaka ya 2012 nilikuwa nyumbani kwa likizo, nikamkuta anaonyesha sinema za Kanumba usiku kucha bila kiingilio. Wazungumzaji walipoingia Kiingereza alisimama kando ya kioo akawatafsiria akina mama kwa Kijita, kila mtu na sauti yake, na alipofika kwa mzee, kile kikohozi cha bwenini kikatoka. Tulicheka msibani. Nilimwambia aje Dar es Salaam ajaribu bahati yake. Akaniuliza, “Nikifika nitajiandikisha kwa jina gani?”

Mwaka 2019 nilikuwa Musoma kwa safari ya kikazi. Asubuhi nakunywa chai, redio inasoma matangazo ya vifo. Nikasikia Murangi, nikainua kichwa. Likasomwa jina, likasomwa jina la baba, yakasomwa majina ya ndugu, habari ziwafikie popote walipo. Sikumjua mtu huyo. Nikamaliza chai yangu nikaenda kazini, gari la ofisi likiwa mlangoni, na barabara ya Majita ikiwa kavu. Baada ya miezi miwili nikakutana na mwenzetu wa bweni, akaniuliza kwa nini sikuonekana kwenye mazishi ya Kipara.

Mhariri amenieleza kwamba katika toleo hili kutakuwa na orodha ya wenzetu waliofariki, na akaniuliza aandike jina lipi: la daftari la shule, lile la nyumbani, au la utani. Nimemjibu ayaandike yote matatu, na Kipara litangulie. Wenye majina ya wengine wa miaka yetu, kamili na ya utani, wamfikishie kabla ya mkutano.