Amecha si Deraya

Orodha ya istilahi za umeme iliyonifikia majuzi inaiita amecha, *armature* ya Waingereza, "deraya". Deraya! Vazi la chuma la askari wa kale. Mwendee fundi yeyote wa Kitengela aliyefungua grenda iliyoungua, umwambie deraya ya mashine imekufa, uone atakavyokutazama.

Najua wanakamati walioiandaa walikopitia. Walikuta Kilatini *arma*, yaani silaha, na *armatura*, zana za mpiganaji, wakaridhika. Laiti wangeendelea kusoma. Mwaka 1600 tabibu Mwingereza William Gilbert alichapisha kitabu chake cha sumaku, akaeleza jinsi jiwe la sumaku linavyovikwa kofia za chuma kwenye ncha zake ili livute kwa nguvu zaidi. Jiwe la namna hiyo likasemwa kuwa limevikwa silaha. Baadaye jina likahamia kwenye kipande cha chuma kinachounganisha ncha mbili za sumaku iliyopindwa. Faraday alipoonyesha mwaka 1831 kwamba sumaku ikisogezwa kwenye waya huzaa umeme, njia ilifunguka, na jina likaishia kwenye chuma kilichozungushiwa waya. Werner von Siemens alipobuni amecha yake mwaka 1856, askari alikwishatoka zamani kwenye neno. Kamati yetu imemrudisha.

Wapo wengine, wapinzani wangu wa siku nyingi, wanaotaka "kizungukaji". Hao hawajawahi kufungua alteneta ya gari. Humo kinachozunguka ni sumaku. Waya zinazozaa umeme zimetulia pembeni, na hizo ndizo amecha. Kwenye grenda amecha inazunguka, kwenye alteneta imesimama. Jina linalotaja mzunguko litampotosha mwanafunzi siku ya kwanza.

Mimi nasema *msuko*. Itazame amecha ya grenda ikiwa mezani: waya mwembamba wa shaba, uliopakwa vanishi, unaingia mfereji mmoja wa chuma na kurudi kwa mwingine, unapishana na wenzake, kisha ncha zake zinafungwa kwenye vibamba vya shaba ambako kaboni husugua. Ikiungua, vanishi hunuka na shaba hugeuka nyeusi. Mafundi wa Tanzania husema kusuka mota, na fundi hatakuuliza msuko ni nini. Pendekezo langu lilirudishwa kwa maelezo kwamba ni "lugha ya gereji". Sikulipokea hilo kwa furaha, na sitalipokea. Mkuku na mataruma ni maneno ya waunda majahazi, na hakuna aliyewahi kuyaita lugha ya ufukweni.

Kwa wachongaji amecha ni kitu kingine kabisa: mifupa ya ndani inayobeba udongo au saruji ya sanamu. Hapo neno tunalo tangu zamani, nalo ni *kiunzi*. Limetoka kwenye kuunda, d ikageuka z kama ilivyogeuka kwenye kulinda na mlinzi. Daktari anasema kiunzi cha mifupa; kwa nini mchongaji asiseme kiunzi cha sanamu? Hapa Kajiado ushahidi uko wazi. Kutoka Kona Baridi ukiteremka barabara ya Magadi, utamkuta mama wa Kimaasai akijenga nyumba: anachimbia nguzo, anapitisha fito na kuzifunga, na kila kitu kinaonekana kabla samadi ya ng'ombe haijapakwa. Kiunzi ndicho hicho. Akipaka, hukioni tena, lakini upepo wa Kona Baridi unapovuma, ndicho kinachoshika nyumba. Kumpa mama huyu neno deraya ni kumtukana.

Wajenzi wanaosoma vitabu vya Kifaransa hulikuta neno hilohilo la *armature* likimaanisha vyuma vya zege. Hivyo ni nondo, na mjadala umekwisha.

Matumizi: msuko wa grenda umeungua, misuko ya alteneta isukwe upya, kiunzi cha sanamu kichomelewe kwanza. Kile kipande cha kufunga sumaku kiitwe kifungasumaku. Orodha ikichapishwa tena na deraya yake, nitaandika tena.