Maziwa ya kopo ya watoto: kwa nini maji ya vuguvugu hayatoshi

Kopo likiwa limefungwa vizuri na tarehe haijapita, wazazi wengi huamini ndani hamna mdudu hata mmoja. Kumbe sivyo. Maziwa ya unga ya vichanga hayawezi kutengenezwa bila vijidudu kabisa, hata kwenye kiwanda kizuri. Yale ya maji, yanayouzwa tayari kwa kunywa, ndiyo huuliwa vijidudu vyote kwa joto, lakini bei yake iko juu.

Bakteria anayeogopwa

Anaitwa Cronobacter sakazakii. Anastahimili ukavu na anaweza kukaa kwenye unga zaidi ya mwaka bila kufa, kisha akipata maji ya vuguvugu anazaana haraka. Walio hatarini zaidi ni watoto wa chini ya miezi 2, njiti na waliozaliwa na uzito mdogo. Kwao huleta maambukizi ya damu au homa ya uti wa mgongo, na baadhi ya wanaopona hubaki na madhara ya ubongo. Ni ugonjwa wa nadra, ila ukimpata mtoto hauna mzaha.

Februari 2022, kampuni ya Abbott iliondoa sokoni maziwa ya unga ya kiwanda chake cha Sturgis, Michigan, Marekani, baada ya watoto kadhaa kuugua. Wakaguzi wa serikali walimkuta Cronobacter ndani ya kiwanda, ingawa aina yake haikulingana na sampuli za watoto zilizopimwa. Kiwanda kikafungwa kwa miezi kadhaa, na rafu za maduka nchini humo zikabaki tupu.

Maji ya nyuzijoto 70

Mwongozo wa WHO na FAO wa 2007 unasema maji yachemshwe, yaachwe yasizidi dakika 30, na unga utiwe yakiwa bado na nyuzijoto 70 au zaidi. Joto hilo ndilo linaloua bakteria walio kwenye unga.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Maji yanachemshwa usiku, yanapoa, asubuhi yanakorogewa maziwa. Maji ni safi, sawa, lakini unga haukuguswa na joto lolote. Vitamini C hupungua kidogo kwa maji ya moto, hasara ndogo ukilinganisha na hatari yenyewe.

Ukishakoroga, poza chupa haraka kwenye maji baridi na ujaribishe tone moja mkononi kabla ya kumpa mtoto. Yasiyotumika ndani ya saa 2 yamwagwe. Ya baadaye yapozwe na kuwekwa friji palepale, chini ya nyuzijoto 5, yasizidi saa 24.

Kubana kopo

Kopo ni ghali, basi wengine hupunguza vijiko ili lifike mwisho wa mwezi. Viwango vya kimataifa vya Codex vinataka kilokalori 60 hadi 70 kwa kila mililita 100. Ukitia nusu ya unga, tumbo linajaa lakini mtoto ana njaa, na uzito hauongezeki. Kuzidisha nako hulemea figo.

Maziwa ya unga ya chai si mbadala: protini na chumvi ni nyingi mno kwa kichanga, madini ya chuma ni kidogo.

Mtoto akipata homa, akikataa kunyonya au akilegea, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na kopo libebwe pia.