Miaka 60 ya ushindi wa Peugeot 404, na ubishi usiokwisha Buigiri

Pasaka ya 2026 imetimiza miaka 60 tangu Bert Shankland na mwenzake Chris Rothwell waliposhinda mashindano ya magari ya East African Safari wakiwa na Peugeot 404. Shankland alikuwa Mskochi, lakini makazi yake na spana zake vilikuwa Dar es Salaam. Mwaka 1967 wakashinda tena. Kama kumbukumbu hiyo imeadhimishwa popote nchini, habari hazijafika Buigiri.

Buigiri, mashariki mwa Dodoma kwenye barabara ya Morogoro, inajulikana kwa shule yake ya wasioona na kwa ujirani na Ikulu ya Chamwino. Misafara ya V8 hupita hapo kila mara. Fundi mmoja mstaafu huitazama bila wivu; kwake, injini ambayo haifunguliwi mpaka ichomekwe kompyuta ni mali ya kiwanda, hata kama kadi ina jina lako.

Mashindano yenyewe yalianza 1953, mwaka aliotawazwa Malkia Elizabeth, yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Peugeot 404 ilitoka kiwandani 1960. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza saba, la kwanza likiwa 404. Mwaka 1968 yakaanza 93, yakamaliza saba vilevile, na 404 ikatangulia tena. Madereva wa kulipwa kutoka Ulaya walikuja na timu za viwanda wakarudi mikono mitupu hadi 1972, Hannu Mikkola alipoibuka na Ford Escort.

Kwa nini 404? Hapo ndipo yule fundi mzee anapowaka, kwa sababu ubishi huo ameubeba tangu ujana wake gereji. Upande mmoja walikuwa watu wa Land Rover 109, wakijivunia injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286 iliyovuta mzigo wowote. Upande wa pili yeye na wenzake, na injini ya 1,618 tu. Hoja yake haikuhusu nguvu. Bloku ya Land Rover ikichakaa, anasema, lazima ipelekwe mjini ikachongwe na kutafutiwa pistoni za saizi kubwa zaidi. Silinda za 404 ni slivu zinazochomoka, zimezungukwa na maji. Gari likianza kula oili unafungua silinda hedi, unachomoa slivu nne pamoja na pistoni, unaingiza seti mpya, unafunga. Kazi hiyo unaimaliza chini ya mbuyu. Ila sili ya chini ya slivu ikikaa vibaya, maji yanaingia kwenye oili na lawama zote zinakuja kwako.

Nilimkumbusha kwamba Land Rover ilifika vijijini ambako hakuna 404 iliyothubutu kuingia masika. Alikubali shingo upande, kisha akarudi kwenye slivu zake.

Baada ya 1973 Safari ikabaki Kenya, na 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe ikavunjika. Vipuri vikaadimika, zikaja Toyota kutoka Japani, na tangu hapo mzee hana mengi ya kusimulia.

Hata magari ya zamani hayahifadhiwi sawasawa. Ya viongozi, Rolls-Royce ikiwamo, yana hifadhi yake Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Gari la mwalimu wa shule au karani wa reli huishia kwenye mizani ya chuma chakavu, na mimi naona hiyo ni aibu. Sheria nayo inatoza ushuru wa uchakavu gari linaloingizwa likiwa limezidi miaka minane, bila kuuliza injini yake ikoje. Ushuru huo haumuumizi mzee, maana 404 yake iko nchini tangu zamani. Kinachomkera ni kabureta: anataka Solex halisi, na mtu aliyempata Morogoro mwenye nayo anadai bei inayokaribia ya pikipiki.