Pikapu: Lori au Gari Dogo?

Wasikilizaji wangu, kwenye vijiwe vya madereva nakuta ubishi ule ule: pikapu iliyotokana na gari dogo, kama ile ya Peugeot 504, ni lori au si lori? Wenye malori hucheka. Wanasema lori ni chasisi, mengine mapambo.

Historia inajibu vingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, mke wa mkulima huko Victoria, Australia, aliiandikia kampuni ya Ford akitaka gari moja la kwenda nalo kanisani Jumapili na kupelekea nguruwe sokoni Jumatatu. Mbunifu kijana wa kiwanda cha Geelong, Lew Bandt, akachukua gari la abiria, akaliimarisha nyuma na kuliunganisha na bodi ya mizigo. Likaanza kutengenezwa 1934. Mkulima hakuuliza ni lori au si lori. Aliuliza litabeba nini.

Aliyeuliza jina ni mtoza ushuru. Ulaya ilipopandisha ushuru wa kuku wa Marekani, Marekani nayo ikalipiza: kuanzia 1964, malori madogo kutoka nje yatozwe asilimia 25. Basi Subaru, walipopeleka huko pikapu yao ya BRAT mwishoni mwa miaka ya 1970, wakafunga viti viwili vya plastiki ndani ya bodi, juani na mvuani. Ikahesabiwa gari la abiria!

Jamani, chasisi tuwaachie mafundi. Mwenye mzigo hupima kwa mzigo, serikali hupima kwa kodi. Kabla ya kununua, soma kadi ya gari: jina lililoandikwa humo ndilo utakalolilipia.