Wapiga Hesabu: Jina, Mtambo na Kazi ya Wanawake

Neno kompyuta liliingia katika Kiswahili likiwa tayari ni jina la chombo. Msemaji husema kompyuta hii imeharibika. Hakuna asemaye kompyuta huyu amechoka. Ilhali katika Kiingereza, tangu karne ya 17 hadi katikati ya karne ya 20, neno hilo lilikuwa jina la mtu, yaani mpiga hesabu aliyeketi mezani akakokotoa tarakimu kwa ujira. Na katika miongo ya mwisho ya uhai wa maana hiyo, mtu huyo aghalabu alikuwa mwanamke.

Dalili za mapema zilionekana Ufaransa. Mwaka 1757 Nicole-Reine Lepaute alishirikiana na Lalande na Clairaut kukokotoa siku ya kurejea kwa kimondo cha Halley, ambacho kilifika Machi 1759, takriban mwezi mmoja kabla ya siku waliyoitaja. Clairaut alipochapisha kitabu juu ya kazi hiyo, jina la Lepaute halikuwamo.

Huko Marekani desturi hii ilipata mpango na bei. Mwaka 1881 Edward Pickering, mkuu wa kituo cha kuchunguza nyota cha Chuo Kikuu cha Harvard, alimwajiri Williamina Fleming, aliyekuwa mtumishi nyumbani kwake, na baadaye wanawake wengine wengi, kwa ujira ulioanzia senti 25 kwa saa. Husemwa kwamba walichaguliwa kwa sababu ya subira yao. Yamkini, lakini subira hiyo ilikuwa pia ya bei nafuu. Miongoni mwao alikuwa Henrietta Leavitt, ambaye mwaka 1912 alidhihirisha uhusiano baina ya mwangaza wa aina fulani ya nyota na muda wa kubadilika kwake, na kwa njia hiyo wanazuoni wakapata kipimo cha masafa ya mbinguni. Taarifa ilitoka kwa saini ya Pickering, ikieleza kwamba imetayarishwa na Bibi Leavitt.

Vita Kuu ya Pili ilizidisha haja ya wapiga hesabu. Kukokotoa njia moja ya kombora la mzinga kulimchukua mwanamke mwenye mashine ya mezani zaidi ya saa 30. Mwanahistoria David Alan Grier ameeleza kwamba siku hizo palizuka hata neno la mzaha, «kilogirl», kipimo cha kazi ya kukokotoa, kana kwamba msichana ni ratili. Kisha ukaundwa ENIAC katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mtambo uliomaliza hesabu ile ile chini ya dakika moja. Walioufundisha kazi yake walikuwa sita kati ya wapiga hesabu wenyewe: Kathleen McNulty, Betty Jean Jennings, Elizabeth Snyder, Marlyn Wescoff, Frances Bilas na Ruth Lichterman. Hawakuwa na kitabu cha maelezo; walisoma michoro ya nyaya. Mtambo ulipooneshwa hadharani Februari 1946, wao hawakualikwa karamuni.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mtambo haukuikuta kazi hiyo ikiwa na heshima ukaivunja. Ilikwisha kuhesabiwa kuwa kazi ya mkono, isiyohitaji akili, kwa kuwa ilifanywa na wanawake. Mtambo ulirithi jina pamoja na cheo hicho.

Msomaji asidhani kwamba mambo haya yamepitwa na wakati. Mwaka 2023 Shirika la Kazi Duniani lilionesha kwamba kazi zinazokabiliwa zaidi na akili unde ni za ukarani, na kwa hiyo sehemu ya ajira za wanawake inayoweza kuchukuliwa na mitambo ni zaidi ya mara mbili ya ile ya wanaume. Nayo akili unde, kama ENIAC, ina watu nyuma yake. Januari mwaka huo gazeti la Time lilieleza habari za wafanyakazi wa Nairobi, wake kwa waume, waliosoma na kuainisha maandishi ya kutisha ili mtambo ujifunze kuyaepuka, kwa ujira usiofika dola 2 kwa saa. Katika jina akili unde watu hao hawasikiki, sawa na vile Leavitt na wenzake wasivyosikika katika kompyuta. Tarehe 1 Mei 2023, zaidi ya wafanyakazi 150 wa kazi za namna hiyo walikutana Nairobi, wakapiga kura kuunda chama chao.