Ishara za Simu katika Njia ya Intaneti

Mfasiri akikutana na neno "ishara" katika maandishi ya simu, hudhani upesi kuwa latajwa mlio. Sivyo. Ishara ni ujumbe ambao mitambo ya kuunganishia simu hupelekeana: nani anapigiwa, njia ipi ifunguliwe, lini ifungwe.

Mwaka 1980 kamati ya kimataifa ya CCITT ilitoa kanuni za Mfumo Nambari 7, ambamo ishara zilipewa njia yao, mbali na mazungumzo. Intaneti ilipoenea, wahandisi walitaka kuzipitisha humo. Itifaki ya TCP haikuwafaa: kifurushi kimoja kikipotea, vinavyokifuata husubiri vyote, hata vya simu isiyohusika. Ndipo Oktoba 2000 ikatolewa SCTP, yenye mikondo mingi ndani ya kiungo kimoja. Mmoja ukikwama, mingine huendelea. Neno "mkondo" twalipendelea kuliko "mfereji", maana mfereji hushika maji tu, na mkondo ndio mwendo wake.

Lililo zito zaidi ni kitenzi. Tumeona ikiandikwa kwamba ishara "hugeuzwa" kuwa za intaneti. Ujumbe wa kuunganisha simu haugeuzwi. Mtambo wa upande wa pili huusoma kama ulivyotumwa. Basi tuandike "hubebwa".