Konsesio kubwa, kodi ndogo: Manono inapata nini kwa ardhi inayolala?

Hapa Manono kila mtu anajua kwamba makampuni yanagombania litiamu yetu. Wachache wanajua kwamba ile ardhi, hata isipochimbwa, inadaiwa kodi kila mwaka. Na kodi yenyewe ni ndogo sana. Njo maana swali linarudi: mwenye eneo kubwa sana alipe kodi kubwa zaidi?

Ardhi ni ya nani?

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Leta. Sheria ya madini inasema vilevile juu ya kile kilicho chini ya udongo. Kampuni hainunui ardhi. Inapewa konsesio kwa muda. Kwa hiyo, kodi ya konsesio si azabu kwa mwenye kufanikiwa. Inafanana na kodi ya nyumba: unakaa ndani ya mali ya wengine, unalipa.

Manono inajua konsesio tangu zamani. Géomines, kampuni ya Wabelgiji, ilichimba bati hapa, ikajenga mji na ile santrali ya umeme ya Piana Mwanga kwenye mto Luvua. Kampuni ilikwisha. Mashimo ya maji na vilima vya mchanga bado tuko navyo.

Kodi ziko za namna gani?

Sheria ya madini ya 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inaweka malipo matatu ambayo mkaaji anapaswa kuyatofautisha:

- Haki ya karé. Inalipwa kila mwaka kwa kila karé, na karé moja ni karibu hekta 85. Ofisi ya Kadastri ya Madini (CAMI) inaisimamia. Asiyelipa anaweza kunyang'anywa kibali.
- Kodi ya ukubwa wa konsesio. Inaingia katika mapato ya jimbo. Kibali cha utafiti kinaanza kwa dola 0.2 kwa hekta na kufika 0.4 tangu mwaka wa 4. Kibali cha kuchimba kinaanza kwa 0.4 na kufika 0.8.
- Redevansi. Inahesabiwa juu ya bei ya madini yanayotoka kwenda kuuzwa. Asilimia 50 ni ya serikali kuu, 25 ya jimbo, 15 ya entite ya mahali (sheferi, sekta ao mji), na 10 ya mfuko wa vizazi vijavyo.

Redevansi njo inasemwa sana kwenye mikutano, lakini inakuja tu wakati madini yanauzwa. Konsesio ikilala miaka kumi, redevansi ni sifuri kwa miaka kumi. Kodi ya ukubwa haingojei mauzo, na njo hiyo inamgusa mwenye kulalia ardhi.

Tufanye hesabu

Kibali cha utafiti cha litiamu cha Manono, kilichokuwa mikononi mwa Dathcom (kampuni ya AVZ ya Australia pamoja na Cominière ya Leta), kilikuwa na kilometa za mraba 188. Ni hekta 18,800. Kwa dola 0.4, ile kodi ni dola 7,520 kwa mwaka mzima. Hata kwa kibali cha kuchimba, kwa dola 0.8, inakuwa 15,040 tu.

Mwaka 2023 serikali iliondoa kile kibali, na sehemu ya kaskazini-mashariki ikapewa Manono Lithium, kampuni ya Zijin ya China na Cominière. AVZ ilipeleka kesi mbele ya wasuluhishi wa kimataifa. Nani ana haki, si kazi ya makala hii. Lakini wakati wakubwa wanabishana, mkaaji wa hapa anabaki na kodi ya ukubwa tu, na ile haitoshi hata kutengeneza barabara.

Wanaounga mkono wanasema nini?

Wanasema kiwango kinapanda kwa miaka, lakini hakipandi kwa ukubwa. Mwenye hekta 100 na mwenye hekta 18,800 wanalipa sawasawa kwa hekta. Tuseme, kwa mfano tu, hekta 1,000 za kwanza zibaki kwa dola 0.8, na zile zinazozidi zilipe dola 8. Eneo la hekta 18,800 lingelipa dola 143,200. Mwenye kuchimba kweli angeweza kubeba. Mwenye kulalia angerudisha sehemu asiyohitaji, na wachimbaji wadogo ao walimaji wangeweza kuiomba.

Mfano uko Afrika: Namibia ilianza mwaka 2004 kutoza kodi ya mashamba ya biashara ambayo kiwango chake kinapanda kwa kila shamba la ziada la mwenyewe.

Wanaopinga wanasema nini?

Wanasema utafiti unakula pesa nyingi mbele ya kupata hata dola moja, na kodi nzito itafukuza wale wanaokuja kutafuta. Wanasema pia kwamba kodi kubwa bila usimamizi inazaa rushwa kubwa. Hoja zote mbili zina uzito. Ya kwanza inajibiwa kwa kuacha miaka ya mwanzo iwe nafuu, kama sheria inavyofanya sasa. Ya pili ni ngumu zaidi: haiponi kwa kupandisha kiwango, inapona kwa kutangaza nani amelipa kiasi gani.

Na mashamba makubwa?

Kodi ya ardhi inafuata sheria ya tarehe 10 Februari 1969. Inasamehe ardhi inayotumiwa kwa kilimo ao ufugaji peke yake. Msamaha unamlinda mlimaji mdogo, lakini haumtofautishi na mwenye mamia ya hekta. Pasipo mtu wa kwenda kuangalia shambani, ng'ombe wachache wanaweza kufunika eneo kubwa lisilolimwa.

Mkaaji afanye nini?

Ramani ya vibali ya CAMI iko wazi kwenye intaneti: angalia nani anashika ardhi ya kijiji chako na tangu mwaka gani. Ripoti za ITIE zinaonyesha malipo ya makampuni. Halafu muulize mbunge wako wa jimbo maneno mawili: konsesio za Manono zilitakiwa kulipa kiasi gani cha kodi ya ukubwa mwaka jana, na kiasi gani kiliingia kweli? Mbele ya kubishana juu ya kodi kubwa, tujue kwanza kama hii ndogo inalipwa.